Harbin, Sapporo au Quebec? Kwa mtu wa Tanga anayetaka kuikanyaga theluji

Dada yangu na shemeji wameweka hela pembeni miaka mitatu sasa, wanataka kwenda kuona theluji. Sio ile ya kileleni Kilimanjaro unayoiona dirishani kwenye basi ukipita Moshi mawingu yakikubali, wanataka theluji ya kukanyaga, alafu wanataka waende kipindi cha zile sherehe kubwa za majira ya baridi ambapo watu wanajenga majumba ya barafu na kuchonga masanamu marefu kuliko nyumba. Binti yao ana miaka tisa na yeye ndo chanzo, kaona video ya watoto wanateleza kwenye mtelezo wa barafu, toka siku hiyo haishi kuuliza.

Wakanijia mimi kwasababu nimesoma Harbin miaka minne, Sapporo nshafika mara moja, na mtoto wa mama mkubwa anaishi Montreal, karibu kila mwaka anaenda Quebec kwenye kanivali na ananisimulia. Tukakaa barazani kwao Makorora toka baada ya Isha mpaka inakaribia saa sita usiku, birika la kahawa likaisha likaja lingine. Niliyowaambia ndo haya, naandika kwasababu kuna wengine wananiuliza swali hilohilo. Mpaka kama saa nne hivi nilikuwa nasema Sapporo, ilipofika saa tano nikabadilika, ntaeleza kilichonibadilisha.

Kwanza mjue hizi sherehe tatu hazifanani, ingawa kwenye simu zote zinaonekana weupe na mataa. Harbin unaenda kuona barafu, Sapporo unaenda kuona theluji, Quebec unaenda kuona watu. Sisi kwenye maongezi ya kila siku barafu na theluji tunazichanganya sababu hatuna haja ya kuzitenganisha, lakini kule ni vitu viwili mbalimbali kabisa. Barafu ni ile ya pale Deep Sea wanayoiponda kutia kwenye makasha ya samaki, ngumu, inang'aa, mwanga unapita. Theluji ukiiona inadondoka mara ya kwanza utasema kuna mtu anakuna nazi huko juu. Na nazi yenyewe ina aina zake: ya Sapporo mchana ikilegea inapata majimaji, ukiishika kiganjani inashikamana, watoto wanatengeneza mipira ya kurushiana, ya Harbin ni kavu kama chicha iliyoanikwa juani, unaibana inamwagika tu katikati ya vidole. Dada aliposikia hivyo akasema basi hapo keshaelewa zaidi ya video zote alizotumiwa.

Harbin

Iko kaskazini mashariki mwa China, mkoa wa Heilongjiang, upande wa kuelekea Urusi, na unapita mto unaitwa Songhua. Ikifika Desemba mto umeganda mpaka watu na mashine wanafanya kazi juu yake. Mwaka wangu wa pili nilienda asubuhi kuangalia wanavyokata. Msumeno wa mashine unapita kwenye mistari iliyochorwa, alafu wanaume wamejipanga na vyuma virefu wanachokoa kwenye ufa mpaka tofali linaachia linaelea, wanalivuta kwa ndoano. Tofali moja ni mamia ya kilo. Niliinama nikaangalia ndani ya moja, kuna viputo vya hewa vimegandia humo vimepangana juu hadi chini kama shanga za kiunoni, na rangi yake ina ukijani kwa mbali. Yale matofali yanapangwa moja juu ya lingine, katikati yanamwagiwa maji, yani maji ndo saruji, baada ya muda mfupi yameshikana huyatoi.

Kinachojengwa ni mji mzima, minara, madaraja, ngome, mitelezo mirefu, mataa yamewekwa humohumo ndani ya barafu. Hilo eneo linaitwa Ice and Snow World, limeanza 1999, na msimu wa 2024 kuingia 2025 lilifika mita za mraba milioni moja, chukua kiwanja cha kuchezea mpira kama cha Mkwakwani ukizidishe mara 140 hivi. Kuna sehemu nyingine ya masanamu ya theluji, Sun Island, ng'ambo ya mto, hiyo nenda mchana. Na kuna bustani ya Zhaolin mjini ambako mambo yote yalianzia, maonyesho ya taa za barafu toka 1963, alafu sherehe rasmi ikaanzishwa 1985, ufunguzi ni Januari 5. Lakini Ice and Snow World yenyewe huwa wanaifungua mapema kidogo, nusu ya pili ya Desemba, inaenda mpaka Februari barafu ikianza kulegea. Hiyo tarehe ya Desemba ishikeni, ntairudia.

Zile taa asili yake ni ndoo. Wavuvi wa kule zamani walikuwa wanajaza ndoo maji wanaiweka nje, maji yanaanza kuganda pembeni kwanza, katikati yanabaki maji, kabla hayajaisha kuganda unatoboa juu unamwaga yale ya ndani, unabaki na kitu kama chungu cha barafu, unaweka mshumaa ndani na upepo hauuzimi. Mwalimu wangu wa lugha alitufundisha tukiwa bweni, tukaweka ndoo kwenye baraza ya ghorofa ya tatu, baada ya masaa machache tukawa na taa sita dirishani. Nimeona majumba ya barafu yenye mataa ya kila rangi lakini zile taa sita ndo ninazozikumbuka nikilala.

Sapporo

Sapporo ni mji wa kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani, mji mkubwa, watu karibu milioni mbili. Sherehe yao ilianza 1950, wanafunzi wa sekondari walitengeneza masanamu sita ya theluji kwenye bustani ya Odori, basi, sita tu. Mwaka 1955 wanajeshi wakaingia kusaidia na masanamu yakawa makubwa, alafu 1972 Olimpiki ya majira ya baridi ikafanyika palepale na dunia ikajua. Saivi watu kama milioni mbili wanakuja kwa wiki moja.

Bustani ya Odori iko katikati ya mji, kama kilometa moja na nusu kwa urefu, masanamu makubwa yanafika mita 15 kwenda juu. Na ni bure, unaingia unatoka, hakuna geti. Hili kwa familia ni jambo kubwa mno. Mtoto akilia baridi mnavuka barabara mnaingia dukani, mnakunywa kitu cha moto, mnarudi. Tena chini ya ardhi kuna njia pana ya waenda kwa miguu kutoka stesheni kuu ya treni mpaka Odori na kuendelea Susukino, ina joto na maduka, unatokea juu pale unapotaka tu. Susukino ndo wanaweka masanamu ya barafu, kuna sehemu ya tatu inaitwa Tsudome ambayo ni ya watoto, mitelezo ya theluji na michezo, na ndani kuna ukumbi wa kupumzika. Mtu akinambia anataka kuona ufundi wa mikono, mikunjo ya nguo ya sanamu, nyusi, manyoya ya ndege, namwambia Sapporo bila kufikiri mara mbili.

Mi nilibaki siku moja baada ya sherehe kwisha. Asubuhi vijiko vilikuwa vimeshaingia Odori vinavunja, kwa usalama, sababu theluji ikianza kulegea sanamu linaweza kuangukia mtu. Jumba ambalo jana yake nililipiga picha mpaka simu ikajaa lilikuwa limeangushwa nusu, na kulikuwa na wazee wawili wamesimama wanaangalia kimya, mikono nyuma. Ukiweza, kaa mpaka siku hiyo.

Karibu na hapo kuna Otaru, nusu saa na kitu kwa treni, mji mdogo wa bandari wenye mfereji na maghala ya zamani, nao Februari wanawasha mishumaa kwenye theluji kandokando ya mfereji jioni. Mtu wa Tanga akisimama pale ataelewa, bandari iliyokuwa na enzi zake.

Quebec

Hapa nasimulia ya ndugu yangu. Kanivali ya Quebec ni ya zamani kuliko zote tatu, ile kubwa ya kwanza ilikuwa 1894, alafu toka 1955 ndo imekuwa ya kila mwaka, mwisho wa Januari mpaka katikati ya Februari. Mwenyeji wake ni mtu wa theluji anaitwa Bonhomme, mweupe mwili mzima, kofia nyekundu na mshipi wa nakshi kiunoni, watoto wanamkimbilia. Anajengewa kasri lake la barafu. Kuna maandamano ya usiku yenye ngoma na magari yaliyopambwa, na kuna mashindano ya mitumbwi kuvuka mto St. Lawrence ukiwa umejaa mabonge ya barafu, hayo ndo shemeji alinyanyuka kwenye mkeka kuyasikiliza maana yeye mtu wa bahari. Wanapiga kasia penye maji, wakifika penye bonge la barafu wanaruka nje wanausukuma mtumbwi kwa kuukimbiza, mguu mmoja ndani mmoja nje, wanaruka tena majini. Shemeji akauliza wanavaa nini miguuni, nikampigia ndugu yangu hapohapo, akasema viatu vyao vina meno ya chuma chini.

Mji wa kale wa Quebec una kuta za ngome na UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia 1985, watu wanaongea Kifaransa. Kuna mtelezo wa mbao juu ya bonde la mto uliopo toka 1884. Kuna pia asali ya mti wa mepo wanaichemsha wanaimwaga juu ya theluji safi inageuka kama ubuyu wa kunata, unaizungushia kwenye kijiti unakula. Binti akasema hiyo tu inatosha.

Baridi, na hapa tusidanganyane

Hizi safari zinaangukia kaskazi kwetu, hapa jua linatuchoma nyuzi 32, unapanda ndege unashukia kwenye hasi. Watu wa Tanga kipimo chetu cha baridi ni Lushoto usiku wa Julai, na hapo bado tuko juu ya sifuri.

Sapporo mwanzoni mwa Februari mchana inacheza kwenye sifuri, usiku hasi 6 hasi 7. Inavumilika, wallahi. Tatizo la Sapporo ni kuteleza, theluji inakanyagwa inalainika mchana, usiku inakuwa kioo, nimeona watu wazima wanaanguka kwenye vivuko vya barabara kila baada ya dakika chache. Kuna vitu vya mpira vyenye vyuma unavivalisha juu ya kiatu, vinauzwa mpaka kwenye maduka madogo ya kawaida, nunua siku ya kwanza kabla ya kununua chochote.

Quebec ni zaidi, mchana kama hasi 6, usiku hasi 15 na kushuka, na upepo wa mtoni unapenya popote penye mwanya.

Harbin ni habari nyingine. Friza ya kugandishia samaki kazi yake ni hasi 18. Harbin usiku wa Januari kawaida ni hasi 23, hasi 24, na zipo siku inaenda hasi 30. Yani ukitoka nje usiku uko ndani ya kitu chenye baridi kuliko friza ya shemeji. Ukivuta pumzi vinyweleo vya puani vinaganda unavisikia, kope zinashikana na kuwa nyeupe, skafu mbele ya mdomo inakuwa ngumu kama ubao. Simu inazima ikiwa na chaji asilimia 40, betri haitaki ile baridi, inabidi uiweke mfuko wa ndani karibu na mwili na pawabenki vilevile. Na usishike chuma mkono mtupu.

Msimu wangu wa kwanza nilivaa soksi pea tatu nikazilazimisha kwenye kiatu changu cha kawaida, nikidhani nyingi ndo joto. Nusu saa vidole vya miguu sivisikii. Mama mmoja muuza viazi vya kuchoma akaniona navyotembea, akanivuta ndani ya kibanda chake, akanikalisha, akanionyesha kwa ishara: kiatu kikibana damu haipiti. Kwahiyo mabuti saizi moja juu, soksi moja nyembamba na moja nene ya sufu, basi. Nguo vilevile, ya ndani ya kubana inayotunza joto, juu sweta la sufu, juu koti la manyoya ya bata linalofika magotini. Usivae pamba ndani, ukitoka jasho pamba inabaki na unyevu na unyevu ndo unaokugandisha.

Makoti msinunue Ulaya wala wapi. Nendeni Tangamano kwenye mitumba mkachambue taratibu, makoti mazito hapa kwetu hayana mteja na bei yake utashangaa, kagueni zipu na mishono manyoya yasiwe yanavuja. Viatu nunueni hukohuko mnakoenda. Na koti libebeni mkononi ndani ya ndege, msilitie kwenye begi kubwa, maana begi likichelewa na wewe umeshuka Harbin na shati.

Kitu kizuri cha Harbin ni kwamba ndani ya majumba ni joto kweli, mji mzima unapashwa joto kwa mabomba kuanzia Oktoba mpaka Aprili, tulikuwa tunakaa na fulana. Na watu wa kule hawaiogopi baridi, mtaa wa Zhongyang wenye mawe na majengo ya Kirusi utakuta foleni ya watu wananunua aiskrimu ya kijiti wanakula nje kwenye hasi 20. Nilipokula ya kwanza nikakumbuka barafu za ukwaju za mfukoni tulizokuwa tunanunua tukitoka madrasa, tofauti ni kwamba ile haiyeyuki, una muda wote wa dunia.

Chakula na swala

Hapa Harbin inawaacha wenzake mbali. Kuna Waislamu Wahui wengi, kuna msikiti mkubwa wa zamani mtaa wa Daowai, na migahawa ya halali ipo kila upande, kuna maandishi mawili ya Kichina yanasomeka qingzhen, yahifadhini kwenye simu mkiyaona mlangoni ingieni. Tambi za kuvutwa kwa mkono na supu ya ng'ombe, na mishkaki ya kondoo iliyopakwa pilipili na bizari ya pilau, mtu wa Tanga hapo hana cha kulalamika.

Sapporo msikiti upo, lakini chakula ni kazi. Tambi zao maarufu supu yake mara nyingi ni ya nguruwe, wana nyama ya kondoo ya kuchoma mezani tamu sana lakini uchinjaji ndo swali, na michuzi mingi inatiwa pombe ya kupikia. Mi niliishi kwa samaki, kaa na wali, na kwa mtu wa pwani hiyo sio adhabu, samaki wa Hokkaido ni wa kiwango cha juu kweli. Quebec angalieni kinywaji kinaitwa caribou, kinauzwa cha moto kwenye kanivali na kinanukia vizuri, ni divai na pombe kali. Chipsi zao za jibini nazo zinamwagiwa mchuzi wa nyama, ulizeni kwanza.

Saa za swala zitawashangaza. Harbin mwisho wa Desemba Adhuhuri inaingia saa tano na nusu asubuhi na Maghribi haijafika hata saa kumi jioni. Mkichelewa kuamka siku imeisha. Lakini kwa kuangalia mataa ni faida, saa kumi na moja jioni giza totoro, mtoto anaona kila kitu na saa mbili usiku kalala.

Viza na hela

Zote tatu Mtanzania anahitaji viza. Kanada ndo ngumu na ya gharama, dola 100 za Kanada kwa mtu mmoja na 85 za alama za vidole, alafu unasubiri, na wanataka waone kitu kitakachokurudisha nyumbani. Japani wanataka ratiba ya siku kwa siku, utalala wapi tarehe ngapi, na stetimenti ya benki iliyotulia, sio hela iliyoingia juzi. China kwa shemeji ni rahisi maana Guangzhou kwenye mizigo keshaenda mara nyingi, anazijua karatasi zote. Na Guangzhou ndege ipo ya moja kwa moja toka Dar, pale mnapanda ndege ya ndani kwenda Harbin, au mkitaka mtoto aone nchi mnapitia Beijing mnachukua treni ya kasi, masaa kama matano.

Kiingilio cha Ice and Snow World misimu ya karibuni kilikuwa yuan 328 mtu mzima, ni laki moja na ushee kwa hela yetu, sio kidogo ukilinganisha na Odori ya bure. Lakini hoteli za Sapporo wiki ile ya sherehe zinapanda mpaka ile bure yote inarudi kwenye kitanda. Ukijumlisha nauli, kulala na kula, Harbin inatoka chini. China kabla hamjaondoka wekeni kwenye simu Alipay au WeChat, ndo programu wanazolipia, muiunganishe na kadi ya benki, na mjue Google na WhatsApp kule hazifunguki hivihivi.

Na jambo la mawakala. Ile safari ya Sapporo nililipia kupitia wakala mmoja, akanambia hoteli iko Sapporo, nafika nakuta ni mji mwingine, saa nzima kwa treni, na treni ya mwisho ilikuwa inanikimbiza kabla mataa hayajazimwa. Siku tatu zote niliondoka katikati ya raha. Kwahiyo mkipewa jina la hoteli litafuteni wenyewe kwenye ramani, pimeni mpaka Odori, kama haiko kwenye mwendo wa miguu ulizeni kwanini.

Kilichonibadilisha

Saa tano usiku dada ndo akasema, "Mdogo wangu, hebu tuangalie tarehe." Akaleta kalenda ya ukutani.

Sapporo huwa ni wiki ya kwanza ya Februari mpaka kama tarehe 11. Binti yuko shule, ndo kwanza muhula umeanza. Alafu tukahesabu Ramadhani. Mwaka 2027 inatarajiwa kuingia kama Februari 8, kutegemea mwandamo. Mwaka 2028 inaingia mwisho wa Januari, sherehe yote iko ndani ya mfungo. Mwaka 2029 hivyohivyo. Mpaka 2030 ndo mtafika Sapporo mkiwa mmemaliza kufunga, Idi yenyewe inakaribia Februari 4 au 5. Msafiri ana ruhusa yake, hilo tunajua, lakini dada alisema yeye Ramadhani anataka kuwa kwake, na uji wa pilipili manga na magimbi ya nazi, na majirani, hatembei. Na 2027 juu ya hayo mwaka mpya wa Kichina ni Februari 6, Wachina nao wanajaa Sapporo, hoteli usiseme. Quebec nayo inaangukia humohumo, labda ukimbilie siku zile za mwanzo mwisho wa Januari, na shule bado iko palepale.

Tukarudi kwenye Harbin. Inafunguliwa nusu ya pili ya Desemba, shule zimefungwa toka mwanzoni mwa mwezi mpaka Januari, Ramadhani haijaingia, mwaka mpya wa Kichina uko mbali. Mpaka 2029 hiyo Desemba iko wazi. Kitu pekee kilichobaki kuipinga ni baridi, na baridi ina dawa yake, nguo sahihi, usiku watatu tu na sio wiki, nje masaa mawili kisha ndani, mtoto anakaguliwa vidole na masikio kila nusu saa hata kama anasema hasikii baridi.

Kwahiyo kwa mwenye mtoto wa shule na anayefunga, mi nasema Harbin, kati ya Desemba 22 na Januari 4. Wapenzi wawili wasio na mtoto wa shule, wasiojali kukosa mwezi mtukufu nyumbani au wasiofunga, waende Sapporo, na wasipoharakisha kubuku chumba toka miezi sita kabla watalala mbali kama mimi. Mwenye ndugu Kanada wa kumwandikia barua ya mwaliko na kumlaza, Quebec, na aende wikiendi ya maandamano ya usiku. Mwenye uwezo wa kusubiri mpaka 2030, Sapporo baada ya Idi, na hiyo mwenyewe nimeiandika.

Juzi nimepita Makorora nikakuta binti kaweka ndoo ndogo ya maji kwenye friza ya samaki ya baba yake toka alfajiri, kaambiwa na mama yake ile habari ya taa. Tukaitoa baada ya Adhuhuri, nikapasha msumari kwenye jiko la mkaa nikatoboa juu, tukamwaga maji ya katikati. Upande mmoja ulikuwa mwembamba kuliko mwingine lakini ilisimama. Akaniuliza, "Mjomba, kule itakaa siku ngapi?" Nikamwambia mpaka Machi. Tukaweka mshumaa, tukaiweka kwenye ngazi ya baraza chini ya kivuli, akaisimamia mwenyewe na kanga ya mama yake akiizuia upepo wa kaskazi mpaka mshumaa ukazama kwenye maji.